Tangi Nililomkataza Dada Kulifungua

Nilitoka Kitale alfajiri kwa sababu dada yangu Nasimiyu alinipigia simu akilia. Binti yake mdogo, Naliaka, alikuwa amelazwa tena kwa kuhara, na mama mkwe wake anasema ati Nasimiyu hanawi mikono. Iliniuma sana. Mimi ni fundi wa mabomba, na tangi la maji la kwake nililiweka mwenyewe. Nikapanda pikipiki na hasira zangu, nikamtetee.

Kamukuywa mpaka Kimilili, baridi ya mlima ilinitafuna vidole. Chwele ilikuwa siku ya soko, nikakwama nyuma ya pikapu ya ng'ombe nikinung'unika peke yangu.

Saa nne nilifika kwake, karibu na Kibabii. Alikuwa amemwita jirani, Mwalimu Wanyonyi, anayefundisha sayansi na kusimamia maabara ya shule. Nasimiyu alisema maji akishayachota huyatia dawa kila siku. Mwalimu akauliza tangi lilifunguliwa lini. Nikajibu kwa majivuno kwamba halijawahi. Nilimkataza dada asiguse kifuniko, uchafu usiingie.

Tulifungua. Maji yalikuwa maangavu, nikacheka. Mwalimu akaniambia nipapase ukuta wa ndani. Lo! Uliteleza kama bamia.

Alikwangua kidogo, tukaenda maabara ya shuleni kwake, nikachungulia kwenye hadubini. Jamani! Vijidudu vimejazana, vimeshikana, vimejijengea utando wa kuishi ndani yake, vingine vinachezacheza pembeni. Mwalimu akaeleza kwamba dawa huua vinavyoelea, lakini vilivyo ndani ya utando huvifikia kwa shida. Utando ukibanduka, vinateremka na bomba hadi kikombeni. Si vyote vibaya, ila vya kuharisha navyo hupata maficho humo. Kama ndivyo vilivyomwangusha Naliaka, hakuweza kuapa. Kumbe ulimwengu mzima unaishi kwenye tangi langu, bana, na mimi najiita fundi!

Tuliporudi nilimwambia dada, "Mikono yako haina kosa. Ni mimi nilikukataza kufungua."

"Basi kamwambie mama mkwe," akasema. "Maneno hayo hayo."

Nikaenda, nikamwambia nikitazama chini. Halafu tukamwaga maji yote, tukasugua tangi na kusafisha mabomba kwa dawa kali mpaka jioni.

Siku ya tatu Naliaka alitoka hospitali akidai uji, nami nikarudi Kitale. Nimejifunza kwamba maji hayajulikani kwa macho, na kwamba tangi linataka kusuguliwa kama sufuria. Lakini wateja wangu wote niliwapa katazo lile lile. Sikupitia nyumbani. Nilisimama kwa mteja wa kwanza, nikabisha hodi.

"Mama, nisaidie ngazi," nikasema. "Nilikudanganya bila kujua."