Hodi Juu ya Barafu

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyenilea katika nchi ya mvua na kunizeesha katika nchi ya theluji, na kote kuwili hakuninyima riziki. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, aliyetufundisha adabu hata ya mlangoni. Baada ya hayo, ningependa kuwaeleza vijana wetu kazi niliyoifanya hapa Toronto mpaka magoti yangu yakakataa: kazi ya kutega wanyama wa manyoya wakati wa baridi.

Siku ya kwanza nilishuka kwenye basi Malton, mtaa ulio kando ya uwanja wa ndege, nikiwa nimevaa makoti mawili, nikatafuta ghala kati ya maghala. Ndugu mmoja wa msikitini aliniambia kuna kazi ya wanyama, nami nikadhani ni machinjio. Kwetu Buyenzi, Bujumbura, nilikuwa fundi wa magari. Ng'ombe nilimjua akiwa kwenye sahani. Nilipofungua mlango nikakuta ngozi zimening'inia toka darini, zimegeuzwa ndani nje, zikitikisika polepole ingawa hapakuwa na upepo. Katikati yake alisimama Fundi wa Ngozi, mzee wa Kireno asiyesikia vizuri, akanipa kisu butu.

"Usikate," akasema. "Sukuma. Mafuta yatatoka yenyewe."

Kwake nilijifunza kuwamba. Ngozi ya rakuni, yule mnyama mwenye barakoa nyeusi usoni, huwambwa kwa urefu juu ya ubao mwembamba. Ngozi ya biva huwambwa mviringo kama ngoma. Biva ni mnyama wa majini mwenye meno ya rangi ya chungwa na mkia bapa kama mwiko mpana. Hukata miti kwa meno na kuziba mito.

Moyo haukutulia mpaka nilipomwendea mwalimu wetu msikitini. Akaniuliza kama mnyama anateseka. Nikamjibu kwamba mtego wetu humfunga na kumuua papo hapo, na tunaukagua kila siku. Akasema, "Basi fanya, lakini usichukue zaidi ya haja. Na usiingie nyumba ya kiumbe yeyote kama mwizi."

Baadaye nilipelekwa mji jirani wa Brampton, chini ya Mkuu wa Zamu, kuwatoa rakuni kwenye mapaa ya nyumba mpya. Huko nilipanda ngazi kwenye dari yenye giza, nikaona mkono mdogo mweusi wenye vidole vitano ukitoka kwenye tundu na kupapasa ukingo, kama wa mtu anayetafuta swichi ya taa. "Usimtazame mikono," Mkuu wa Zamu aliniambia kutoka chini. "Ukiitazama hutalala." Alisema kweli.

Miaka yangu mingi, hata hivyo, niliimaliza na Msimamizi wa kazi za majini. Alikuwa mama wa makamo kutoka kaskazini, mrefu, mikono imepasuka kwa baridi, na baba yake alikuwa mtegaji kabla yake. Aliniita Mzee kwa sababu aliwasikia wenzangu wakiniita hivyo, akadhani ndilo jina langu. Sikumrekebisha.

Yeye ndiye aliyenifundisha barafu. Biva hujenga nyumba ya matawi na tope ndani ya bwawa, mlango wake ukiwa chini ya maji. Bwawa likiganda, huishi humo gizani akila matawi aliyoyahifadhi. Juu ya nyumba huacha tundu, na asubuhi ya baridi kali tundu hilo hutoa mvuke. Unasimama kwenye weupe mtupu, hakuna ndege wala jani, halafu unaona kilima cha theluji kinapumua.

"Nyumba isiyopumua usiipotezee muda," alisema.

Kabla ya kutoboa barafu kwa mtaimbo, mtegaji huigonga na kuisikiliza. Barafu iliyobebwa na maji hutoa sauti nzito. Iliyoachwa na maji hulia kama ngoma tupu, na hiyo ndiyo inayoua watu. Mimi niligonga mara tatu, na kila mara nikasema hodi.

"Mzee, unaongea na nani?"

"Naomba ruhusa, Bosi. Kwetu mtu haingii bila hodi. Mara tatu, asipojibiwa, anarudi."

"Na akijibiwa?"

"Mwenyeji husema karibu."

Alicheka akashika magoti. "Biva mwenye akili hawezi kusema karibu!" Lakini tangu siku hiyo, kila nilipobisha, yeye alisimama ng'ambo ya bwawa, akagonga barafu mara tatu kwa mtaimbo wake na kuigiza sauti nene ya mnyama mkubwa: "Karibu!" Ukawa mchezo wetu. Baridi ya kazi ile bila mchezo haivumiliki.

Sasa niwasimulie bwawa la nyuma ya maghala, karibu na uwanja wa ndege. Biva walikuwa wameziba kalavati, lile bomba kubwa linalopitisha maji chini ya barabara, na ilihofiwa kwamba theluji ikiyeyuka barabara ingezama. Tuliwatoa wote isipokuwa mmoja. Huyo kila tulipovuta mtego wake tuliukuta umefunga, na katikati ya vyuma kuna kijiti kimoja kilichomenywa gome, cheupe kama mfupa. Tulihamisha mtego, tukabadili harufu ya chambo. Kijiti kilekile.

"Huyu ni bibi yao," Msimamizi alisema, akikigeuza mkononi. Hakucheka. "Anatujua kwa vishindo vya miguu."

Usiku mmoja mafundi wa barabara walifungua sehemu ya kalavati bila kutuambia. Maji yakashuka, barafu ikabaki juu, kama paa lisilo na nyumba chini yake. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Msimamizi hakuwahi kunizuia kuswali. Alitangulia na gari, nami nikafuata kwa basi baada ya swala.

Nilikuta ukungu umelala bwawani. Ndege zilikuwa zikishuka juu yangu, nilizisikia, sikuziona. Gari lilikuwa pale, chupa yake ya chai ipo juu ya boneti. Nilimpigia simu, nikaisikia ikilia ndani ya gari. Nyayo zake zilitoka ukingoni zikaenda kuelekea katikati ya bwawa, moja baada ya nyingine, zimenyooka, na hapo katikati zikaisha. Hapakuwa na shimo. Upepo ulikuwa ukipeperusha theluji juu ya yote.

Nilipiga simu ya dharura. Wakaniambia nisikanyage, nisubiri. Nikaita, na ukungu ukalimeza jina. Nikajilaza kifudifudi ukingoni, nikanyoosha mtaimbo, nikagonga mara tatu.

"Hodi."

Barafu ikalia kama ngoma. Halafu, kutoka chini, mbali kidogo kushoto, yakaja mapigo matatu.

Nilisoma aya niliyoikumbuka, nikatambaa kando ya ukingo kufuata upande ule. Nikabisha tena. Nikajibiwa, karibu zaidi. Nikafika ilipokuwa nyumba ya biva, na tundu lake lilikuwa likipumua taratibu, kama mzee aliyelala. Hapo, kwenye kina kifupi, nikabisha mara ya mwisho.

Mapigo yakanijibu chini ya kifua changu.

Nilivunja barafu kwa mtaimbo mpaka mikono ikafa ganzi. Kipande kikaporomoka, nikaona mwanga wa buluu, na chini yake Msimamizi amepiga magoti topeni, barafu ikimgusa kichwa, ameshika jiwe. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya jivu.

"Karibu," akasema.

Nilimvuta kwa kamba. Alikuwa ameanguka katikati, kwenye kina. Bamba la barafu likarudi juu yake kama kifuniko, na theluji ikalifunika. Suruali yake ya mpira, inayofika kifuani, ilimkinga na maji. Tulipokuwa tukisubiri gari la wagonjwa, nimemfunika makoti yangu yote mawili, alinishika mkono.

"Ulifanya vema kubisha tangu nilipoanguka, Mzee. Kule chini hakuna upande. Nilifuata hodi yako tu mpaka kwenye kina kifupi."

"Bosi, mimi nimefika sasa hivi. Nimebisha hodi hizi ulizonijibu tu."

Alinitazama. Kisha alitazama kile kilima cha theluji kinachopumua, akakitazama mpaka wakaja kumchukua.

Alipopona, amri yake ya kwanza ilikuwa fupi: "Kang'oe mitego yote ya bwawa lile." Badala yake tulitengeneza bomba lenye wavu, likapitisha maji huku biva akibaki na nyumba yake. Barabara haikuzama. Nilipouvuta mtego wa mwisho ulikuwa wazi, mtupu, bila kijiti.

Wengine husema biva hupiga maji kwa mkia anapoona hatari, na mwangwi chini ya barafu hudanganya. Huenda. Mungu ndiye anayewajua viumbe wake na kazi alizowapa.

Siku nilipostaafu, Msimamizi alinipa ule mtaimbo niliombishia hodi. Umesimama nyuma ya mlango wetu hapa Rexdale. Asubuhi za baridi kali bomba la joto ukutani hugonga, mara nyingine mara tatu kamili, nami hujibu, "Karibu."

"Baba Zaituni," mke wangu husema, "unalikaribisha bomba?"

"Namkaribisha anayebisha, Mama Zaituni. Nje ni baridi."

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akufungulie kila mlango utakaoubisha kwa adabu. Na siku utakapojikuta mahali pasipo mlango wala upande, akuletee wa kukubishia, akutoe salama. Amin.