Breki na Pua ya Dada Yake

Asubuhi hii mgonjwa mwenye plasta puani ananyata kuelekea lango la hospitali. Hafiki mbali. Mhudumu mfupi mwenye koti la kijani amemtokea mbele, mikono kiunoni.

"Mzee, safari ya wapi?"

"Nyumbani. Si wameshakata?"

"Wamekata mara moja tu. Rudi ukae, majibu bado."

Mgonjwa anarudi kwenye benchi shingo upande.

Kwa miaka ishirini na sita mhudumu huyu, ambaye wenzake humwita Breki, amesukuma machela za chumba cha upasuaji. "Wagonjwa wangu wa zamani walikuwa na adabu sana," anasema. "Wote walikuwa wamelala."

Wakati huo, anakumbuka, aliyekuwa na saratani ya ngozi alilazwa usingizi, daktari akaondoa kidonda na eneo pana kukizunguka ili asibakize kitu. Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki kadhaa, na wengine yaliwarudisha kwenye kisu.

Siku hizi, kwa baadhi ya saratani za usoni, hospitali hii hutia ganzi hapo hapo penye kidonda. Daktari hukata kipande chembamba, kikapimwa kingo zote kwa hadubini huku mgonjwa akisubiri. Saratani ikionekana imebaki upande fulani, anaitwa tena na kukatwa upande huo tu.

Tatizo ni hilo benchi. Kwa ganzi mtu hujiona mzima kabisa. Mmoja alikutwa kwa kinyozi, povu kidevuni. Mwingine alikuwa sokoni, anagombania bei ya vitunguu.

Wiki iliyopita aliyetoroka alikuwa dada yake Breki.

Dada huyo, mwenye ualbino, alikuwa na kidonda puani mwaka mzima na hospitali hataki kuisikia. Jirani yao wa zamani alikwenda kukatwa akarudi na nusu pua.

"Nikamwambia, dada, siku hizi wanakata kidogo kidogo," anasimulia Breki. "Akaniuliza, 'Kidogo kidogo mpaka iishe?'"

Mwishowe alikubali. Akakatwa mara ya kwanza, akakatwa na ya pili. Nesi alipotoka kusema saratani bado imebaki, aingie tena, kwenye benchi palikuwa na kofia peke yake.

"Nikaikwapua ile kofia, nikakimbia nje," anasema Breki. "Saratani ipo, mwenyewe hayupo!"

Alimkuta studio ya picha ng'ambo ya barabara, amekaa wima kitini, mpiga picha akimsihi atoe plasta.

"Dada, unafanya nini huku?"

"Napiga picha na pua yangu kabla hamjaimaliza. Kama una haraka, mdogo wangu, nenda wakukate wewe."

Breki anasema alitaka kucheka, akajikuta analia. Alisimama kando yake wakapigwa picha wawili, plasta ikiwa mahali pake, kisha akamshika mkono wakarudi.

Mara ya tatu ikawa ya mwisho: kingo zote safi. Kilichotoka kwa jumla hakikuzidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na pua ipo.

Keshokutwa dada anatolewa nyuzi, na ameshatangaza kwamba anataka picha nyingine, bila plasta. Breki amepanga kuomba ruhusa ya nusu saa.

"Siku hiyo hata akitoroka simkamati," anasema, macho yakiwa bado langoni. "Nitakwenda naye, nimshikie kofia."