Bobini na Taulo la Dereva

“Ulisema maji ya kiunoni! Kiunoni kwa nani, kwa twiga?”

Wifi yangu alikuwa ameng’ang’ania bomba la ngazi ya bwawa kama mpangaji anayetolewa nyumba kwa nguvu. Mguu mmoja majini, mwingine juu ya vigae, na macho yote mawili kwangu, yananilaani.

“Kiunoni kwangu,” nikamwambia. Nilikuwa nimesimama ndani ya maji, mikono juu, ili aone. “Si haya hapa, yameishia hapa.”

“Wewe una miguu ya ngazi, wifi. Mimi yatanifika mdomoni. Umenidanganya toka nyumbani mpaka hapa, na goti langu hili bovu nikalikokota!”

“Basi rudi ukalilaze. Wenzako wanasubiri, wewe unazuia ngazi.”

Huyu ni mke wa marehemu kaka yangu. Ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Bobini, jina la kile kidude cha uzi kinachokaa tumboni mwa cherehani, kinazunguka kutwa na hakiendi popote. Jina lilimkaa kama gauni la kupimiwa. Tangu kaka yangu azikwe, safari zake zilikuwa kitandani kwenda cherehanini, na cherehanini kwenda kwa muuza vitambaa pale kona. Chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mwembamba, kwa hiyo sisimuliwi, nasikia: wateja wakishaondoka, alikuwa anaongea na ile cherehani. Anaigombeza. Anaiuliza imeshindaje.

Si kwamba ana majivuno. Alikuwa anaogopa. Barabara kubwa aliiogopa, mbwa aliwaogopa, watu wakiwa wengi pumzi ilimkata, na simu ikiita kwa namba ngeni aliifunika kwa mto mpaka inyamaze. Akiniona natoka aliniuliza, “Unakwenda wapi tena, na hujui utakutana na nini?”

“Ndiyo maana nakwenda,” nilimjibu. Hakucheka.

Kilichomtoa ndani ni goti. Kukanyaga cherehani miaka yote hiyo kulilikausha la kulia likawa kama kisiki. Muuguzi wa zahanati hakumung’unya maneno: “Mama, goti hili usipolifanyisha kazi nyingine, hata hiyo pedeli utashindwa kuikanyaga. Ingia majini, maji yatakubeba.” Sasa Bobini bila cherehani ni nini? Hana chakula, na hana wa kuongea naye. Hofu moja ikaizidi nyingine. Akakubali kuja na mimi kwenye bwawa la shule, ambako Jumamosi asubuhi sisi kina mama tunafundishwa kuogelea. Akaomba tu muda wa kujishonea vazi.

Vazi lenyewe lilikuwa gauni refu la kitambaa cha suti, lina bitana, lina mikono, lina mifuko. Kazi safi, ila ya kwendea harusini. Niliona, lakini nilijua nikisema neno atapata sababu ya kubaki nyumbani. Nikausifia mshono.

Kwa hiyo pale ngazini, aliposikia mwanamke nyuma yake anakohoa kwa subira, aibu ikamsukuma. Akafumba macho. Akaachia bomba.

Hakuelea hata kidogo. Alikwenda chini wima, kama ndoo iliyokatika kamba. Miguu ikateleza pale sakafu inapoanza kuinama, nikaona kilemba chake kinaelea peke yake juu ya maji, na chini yake hamna kichwa.

Nilimshika mkono nikavuta, hakuja. Nilivuta tena nikahisi tunakwenda wote. Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo.

Aliyemtoa ni Dereva. Huyu ni mama anayeendesha lori la mchanga, mabega yake kama kabati. Aliruka na saa yake mkononi, akamkumbatia Bobini kwa nyuma, akamnyanyua mpaka ukingoni, huku anahema. “Mama, umekula mawe? Mbona mzito hivi?”

Na gauni lilipogusa vigae, pindo likalia. Kwa, kwa, kwa.

Mwalimu wetu wa kuogelea akalipapasa. Ndani ya pindo, kuzunguka gauni zima, Bobini alikuwa ameshonea vyuma, vile vidogo vizito ambavyo mafundi huweka kwenye mapazia ili upepo usiyapeperushe.

“Niliogopa,” akasema, meno yanagongana. “Niliogopa maji yatalipandisha gauni, mapaja yabaki nje.”

Mtu mmoja akacheka. Nadhani ni ile hofu iliyokuwa inatutoka, maana tulicheka karibu wote, mimi pia, na machozi juu. Lakini Bobini hakuona machozi. Aliona meno. Dereva peke yake hakucheka. Alichukua taulo lake pale ukingoni, akamfunika nalo mpaka kichwani, akamshika hivyo mpaka tetemeko likapungua. Wifi yangu alirudi nyumbani na taulo la mtu.

Jumamosi iliyofuata alijifungia. Na iliyofuata vilevile. Taulo alilifua, akalipiga pasi, akalitundika kwenye msumari mbele ya cherehani, na hapo ndipo yalipoanza mateso, maana kila akiinua macho linamtazama.

“Wifi, nipelekee lile taulo,” akaniambia.

“Mimi sikulikopa.”

“Nitawatazamaje wale watu? Walinicheka.”

“Walikucheka ukiwa hai. Ungekuwa maiti wangelia. Chagua.”

“Una ulimi wewe! Kaka yako alikuwa mpole, sijui wewe walikuokota wapi.”

Huko bwawani nako Dereva kila akiniona ananiuliza, “Taulo langu halijambo? Linakula vizuri?” Nikimfikishia Bobini salamu hizo anazidi kusinyaa. Alifikiri anadaiwa kwa kisirani. Akalifua tena, likiwa halijaguswa na mtu.

Kisha siku moja asubuhi cherehani ilinyamaza katikati ya mshono. Mtu akiishi ukuta mmoja na fundi anajua kimya cha kukata uzi, na kimya cha kuvuta kitambaa. Hiki hakikuwa chochote katika hivyo. Nikamwita, akajibu kwa sauti ndogo kutoka chini, kama mtoto aliyejificha. Nilimkuta sakafuni kati ya vipande vya vitambaa. Goti lilikataa alipoinuka. Alikuwa amekaa hapo, hakuita mtu, anautazama mlango.

“Kwa nini hukugonga ukuta?”

“Niliogopa nikigonga usisikie,” akasema. “Nikajiambia bora nisigonge.”

Nilimwinua tu.

Jumamosi nilimgongea, sikupata jibu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Nilitembea mpaka bwawani nikiwa nimebeba hofu yake yote, na kumbe huyo hapo, amesimama nje ya lango la shule, amekumbatia taulo kifuani. Uso umekuwa kama majivu. Amevaa suruali na fulana ya kitambaa laini kinachovutika, ameshona mwenyewe. Niliinama nikabinya pindo. Hamna kitu.

“Nimekuja kurudisha deni tu,” akasema. “Nikishatoa, naondoka.”

Dereva alikuwa anafika. Bobini akamnyooshea taulo kwa mikono miwili. “Samahani, dada. Nimechelewa.”

“Sipokei nikiwa mkavu,” Dereva akasema, akampita. “Nipe huko majini.”

“Wifi, huyu mtu ana wazimu!”

“Anaendesha lori la mchanga. Ulitegemea nini?”

Aliingia. Sitasema aliingia kwa ushujaa. Alilia ngazi nzima, na kucha zake ziliniacha na alama mkononi. Maji yalimfika kifuani, siyo mdomoni. Dereva akamwekea kiganja chini ya shingo, mimi chini ya mgongo, mwalimu akamwambia alegee. Hakulegea. Alikuwa mgumu kama ubao wa kupigia pasi, macho yametoka, anarudia, “Msiniachie, msiniachie.” Wale kina mama walisimama wakatuzunguka, bega kwa bega, na hakuna aliyecheka.

Hatukumwachia. Lakini goti lile, katikati ya hofu yote hiyo, nililiona linakunjuka lenyewe, polepole, majini.

Alipotoka alikimbilia taulo pale kwenye benchi, akampa Dereva, safari hii Dereva amelowa na hana sababu ya kukataa. Akalipokea. Halafu sote tukamtazama Bobini, maji yanamtiririka, anatetemeka, anageuka huku na huku. Alikuwa amewaza taulo la mtu wiki zote hizo. La kwake hakuja nalo.

Dereva akalirusha, likamfunika uso.

“Chukua,” akasema. “Na usinirudishie tena. Deni limekwisha.”

Chini ya taulo Bobini alianza kujifuta.