Kurasa Zilizotua Paa la Metwalli

Mume wangu Shawki ni fundi wa makochi, na hana desturi ya kufunga kitu alichokifungua. Kabati huliacha wazi, mkebe wa gundi huuacha wazi, mlango wa banda la njiwa ndio usiseme. Balaa zaidi ilikuwa kwenye simu: kila ukurasa aliosoma kuhusu njiwa aliuacha wazi, mpaka simu ikawa inapata joto mfukoni. Nikimwambia azifunge, hunijibu, "Mama Nora, nikizifunga nitazipataje tena?" Nikamwachia. Mtu aliyejenga banda la mbao refu kuliko nyumba yenyewe, hapa mtaani kwetu Imbaba palipobanana hivi, humshindi kwa maneno.

Aliyezifunga ni mkwe wetu, Wagdi. Ni mtu mwema, ila akiona simu ya mwenzake mikono inamwasha. Alikuja kula chakula cha mchana, akaona simu ya baba mkwe inasuasua, na kabla sijaepua wali alikuwa ameshaisafisha.

"Baba, sasa inakimbia kama mpya!"

Kweli ilikimbia, maana ilikuwa tupu. Shawki hakugundua mpaka Sukkara alipougua.

Sukkara ni njiwa jike, mweupe, mkia mweusi, na nyumbani kwangu ana heshima kuliko mimi. Asubuhi moja tulimkuta shingo imejipinda, kichwa juu chini, anadonoa hewa badala ya punje. Habari zilivuka mapaa kabla hatujanywa chai. Kwa wafuga njiwa wa huku ugonjwa huo dawa yake ni kisu, kwa kuwa unaambukiza. Metwalli, mwenye paa la tatu kutoka letu na hasimu wa mume wangu tangu ujana wao, alisimama ukingoni akapaza sauti mtaa mzima usikie.

"Chinja, Shawki! Chinja kabla hujatuulia wetu! Au mkeo hana sufuria?"

"Anayo, ya kukuchemshia wewe!"

Mimi, sitaficha, nilikuwa upande wa Metwalli. Nilishatoa hata ngano ya kumjazia tumboni apikwe. Lakini Shawki alinisihi nimpe mpaka Ijumaa.

"Kuna mzee mmoja aliandika," akasema. "Njiwa wake aliugua hivihivi, akamlisha kwa mkono mpaka akapona. Ameweka na picha. Ukurasa wake ninao, ninao humu."

Akaifungua simu, hamna kitu. Akatafuta upya, akapata kurasa za kila aina: zote zinasema chinja, na moja inauza mabanda. Nilimwona anavyoipapasa ile simu, nikamwonea huruma, nami si mwepesi wa huruma linapokuja suala la njiwa.

Wagdi akaitwa. "Msiwe na wasiwasi," akasema, "kuna nakala rudufu. Kila kitu kimehifadhiwa kwenye akaunti."

Akairudisha hiyo nakala. Zikarudi picha za njiwa, zikarudi namba za watu tuliokwisha kuwazika, ukarudi hata ule mlio wa simu wa jogoo nilioufuta kwa mkono wangu mwenyewe. Kurasa hazikurudi.

"Kwa hiyo imehifadhi kila kitu isipokuwa kinachotakiwa," nikasema.

Wagdi akajikuna kichwa, akabofya huku na huku, kisha akakunja uso. "Baba, una simu nyingine? Akaunti yako iko kwenye simu mbili. Hizi mbili zinasawazishwa, anachofungua mmoja mwingine anaweza kukiona. Hiyo ya pili imetumika leo asubuhi."

Mimi na Shawki tukatazamana. Ile simu ya zamani! Njiwa akitua paa la mtu ni mali ya mwenye paa, ukimtaka, unamkomboa. Sukkara aliwahi kutua kwa Metwalli, na Shawki akamkomboa kwa simu yake. Kwa pupa ya kumrudisha kipenzi chake, aliikabidhi bila kufuta chochote.

"Ndiyo maana ananishinda kwa njiwa!" Shawki akaruka. "Mwizi mkubwa! Anasoma kurasa zangu!"

Wagdi akaifungua orodha. Kurasa zote za mume wangu zilikuwamo. Metwalli hakuwa amefunga hata moja. Na ukurasa wa yule mzee ulikuwamo. Tukaugusa, ukaja ukurasa mweupe mtupu: tovuti yenyewe ilishafungwa. Wagdi akasema pengine Metwalli ameuhifadhi ndani ya simu yake, tukamwulize. Shawki akaapa kwamba hakanyagi ngazi za mtu yule.

Wakati wakibishana mimi nilikuwa nasoma sehemu ya juu ya orodha, kurasa alizofungua Metwalli mwenyewe. Asubuhi hiyo alikuwa ameuliza: njiwa mgonjwa akipaliwa na dengu afanyiwe nini? Kisha akauliza dawa ya mikono inayotetemeka. Akauliza tena kwa maneno mengine, na tena.

Nikamwonyesha mume wangu, halafu nikaifunika simu kwa kiganja. "Haya hujayaona," nikamwambia. Akasahau kiapo chake, akavaa viatu. Nikamtia Sukkara kwenye kapu la sokoni, nikatangulia.

Metwalli alitukaribisha paani kwa sauti ya mtu asiyekaribisha. "Mmeniletea nyama?"

"Nimefuata kurasa zangu," Shawki akasema. "Zimo kwenye simu niliyokupa."

"Hukunipa, ulimkombolea njiwa. Na zimetua kwangu, kwa hiyo ni zangu. Sheria unaijua."

"Haya, taja fidia."

Metwalli akainamia kapu. Sukkara alikuwa amechomoza kichwa chake kilichopinduka, naye akamtazama. Akaenda nyuma ya banda akarudi na kasha la machungwa. Ndani mlikuwa na dume la kijivu, shingo imejipinda vilevile, kifua kimebaki mfupa. Na ndiye Metwalli huyohuyo aliyekuwa akitupigia kelele tuchinje!

"Ukicheka nakurusha chini," akasema.

Hakuna aliyecheka. Akatuonyesha simu, ukurasa alikuwa ameuhifadhi, na picha zote. Dengu zilizolowekwa, moja moja, nyuma ya ulimi, kwa subira, wiki baada ya wiki.

"Naujua wote kwa kichwa," Metwalli akasema. "Lakini..." Akaokota dengu. Ikachezacheza vidoleni, ikaanguka. Akaokota nyingine, ikaanguka. Nikageuza uso, nikajifanya naangalia nguo zilizoanikwa.

Shawki akaketi sakafuni, akamweka lile dume mapajani. Kwa vidole vinavyopitisha uzi kwenye sindano bila yeye kuangalia, akaufungua mdomo, akatia dengu, akangoja, akatia nyingine.

"Wewe soma, mimi nalisha," akasema. "Na usome polepole, si kama unavyotukana watu."

Fidia ikawa hiyo. Kila jioni alipotoka karakana alikwenda kwa Metwalli na kapu, na bakuli langu la ngano likageuka la kulowekea dengu. Wagdi alitaka kuiondoa ile simu kwenye akaunti, akasema ni hatari. Shawki akamwambia aiache, na aweke mikono yake mfukoni.

Shingo ya Sukkara ikanyooka kidogo kidogo. Siku aliyoruka tena na kundi, mapaa yote yalikuwa macho. Alizunguka juu yetu, akajitenga na wenzake, akaenda kutua kwa Metwalli.

Mume wangu akashika ukingo. Metwalli alikuwa na wavu mkononi, na hakuna aliyewahi kumwona akimwachia ndege aliyetua kwake. Akauweka wavu chini. Akaichukua bendera ya kuongozea njiwa kwa mikono miwili, maana mmoja haukumtosha tena, akampungia Sukkara kwa nguvu zote.

"Nenda kwenu!" akapaza sauti mtaa mzima usikie. "Nenda kwenu, mwanaharamu we!"

Sukkara akaruka. Shawki akampokea kifuani, akalia mbele ya Imbaba yote bila haya. Mlango wa banda aliuacha wazi, na safari hii sikumsema.