Maji kwenye Diski Zenye Moto

Msimu wa mvua hizi, usukani wa gari la baba ulianza kutetemeka kila akikanyaga breki. Kwenye tambarare ulitetemeka kidogo. Kwenye mteremko mikono yake ilicheza kama ya mtu mwenye homa. Na dada yangu, mimba ikiwa imekaribia siku zake, alikuwa ameambiwa akajifungulie Mbeya. Wa kumpeleka ni baba.

Fundi wetu wa mtaani alibadilisha pedi za breki. Mtetemo ukarudi. Akakaza upya nati za magurudumu. Ukarudi.

"Barabara za huku ndivyo zilivyo," akasema.

"Mbona gari la jirani halitetemeki?" nikamuuliza.

"Msomi, lipeleke chuo likafanye mtihani."

Sikucheka. Nilikuwa nikiwaza kuhusu kijito kilicho chini ya mteremko wa kuelekea Uyole. Baba, kama wenzake wanaopeleka ndizi Mbeya, husimama pale, huchota maji na kuyamwagia magurudumu ya mbele mpaka yafuke mvuke. Wanasema wanazipumzisha breki. Nilisoma kwamba diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, ikimwagiwa maji baridi ingali na moto inaweza kupinda, kisha pedi zikaila upande mmoja. Mwandishi mwingine alisema kwamba haipindi, ni unga wa pedi unaoganda juu yake mabaka mabaka. Sikujua nimwamini nani. Wote wawili, hata hivyo, waliulaumu moto.

"Baba, safari hii usimwage maji."

"Nilikuwa dereva kabla hujazaliwa."

"Na diski umekwisha kula ngapi?"

"Sasa zipozwe na nini?"

"Na upepo. Shuka na gia ndogo, zisipate moto huo tangu mwanzo."

"Gari litalia."

"Acha lilie."

Kabla hatujaondoka, fundi akafunga diski nyingine, za mtumba, akiapa kuwa zimenyooka. Nani alizipima?

Siku ya safari tulishuka mteremko na gia ya pili, injini ikinguruma. Kijitoni madereva walitupungia ndoo zao. Baba alipunguza mwendo, mguu wake ukasita, kisha akapita.

"Mbona hatusimami?" dada akauliza kutoka nyuma.

"Upepo unatosha," akajibu, kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Penye geti la hospitali alikanyaga breki. Usukani ulitulia. Dada akateremka polepole, akishika mgongo. Baba alibaki ameshika usukani, akiutazama, na mimi nikiitazama mikono yake. Tulikuwa tumebadilisha diski na namna ya kushuka kwa pamoja; sikujua kipi kati ya hivyo ndicho kilichotufikisha.