Ziwa la Baba Kayole

Juzi nilimpeleka binti yangu kwa daktari wa meno kule mtaa wa Fedha. Kwenye chumba cha kungojea walikuwa wameweka tangi la kioo lenye samaki watano wa rangi ya chungwa, na binti yangu akabandika pua kwenye kioo kama watoto wote wafanyavyo. "Mama, ushawahi kuona tangi kubwa hivi?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, halafu nikatoka nje nikasimama kando ya ukuta mpaka tulipoitwa. Ningeanzia wapi kumweleza? Afadhali nikueleze wewe, rafiki yangu, hasa kama ulilelewa mitaa ya Eastlands miaka ya tisini na unajua jinsi nyumba inavyonuka bomba likikauka wiki ya tatu.

Tulikaa Kayole, vyumba viwili vya chini kwenye ploti ya milango minane, na bomba moja uani. Mama alikaanga mandazi alfajiri na kuwauzia watu waliokuwa wakienda viwandani kwa miguu, kwa hivyo mimi niliamshwa na harufu ya iliki kila siku ya utoto wangu. Baba alikuwa dereva wa lori. Alipeleka sabuni na misumari Kisumu, akarudi baada ya siku mbili tatu. Siku moja mwajiri wake alimtuma apeleke mizigo nyumbani kwake, na huko sebuleni Baba akaona tangi la samaki lililojaa ukuta mzima. Alirudi kwetu kama mtu aliyeokoka. Chakula kilipoa mezani akituonyesha kwa mikono urefu wake.

Vioo alivipata kwenye duka mjini lililokuwa likibomolewa, vile vinene vya dirisha la mbele. Alivileta vimefungwa kwa mablanketi yetu. Fundi wa kuchomelea akamtengenezea fremu ya chuma, nao wakaunganisha kila kitu uani kwa gundi nyeupe iliyonuka kama siki. Ilibidi kochi la Mama litolewe ili tangi lipate nafasi, maana lilikuwa refu kumshinda Baba akilala chini na kunyoosha mikono. Kochi likaenda kwa jirani wa mlango wa tatu. Mama alisimama akiangalia alama nne za miguu ya kochi sakafuni.

Nisikudanganye, nililipenda tangi lile. Nilikuwa na miaka kumi na Baba hakuwa amewahi kunihitaji kwa jambo lolote. Sasa tulichuja mchanga wa mto pamoja, tukauosha kwenye karai mara ishirini hadi maji yakawa meupe. Alinifundisha kwamba maji ya bomba yana dawa inayounguza mashavu ya samaki, kwa hivyo lazima yalale kwenye mapipa siku mbili kwanza. Ngege kumi wa mwanzo, samaki wa ziwani aliowaleta kutoka Kisumu, walikufa wote ndani ya siku tatu. Baba aliwatoa mmoja mmoja kwa kiganja. "Tuliharakisha," akaniambia. "Maji bado machanga. Inabidi yakae, yaanze kuishi yenyewe." Tukangoja zaidi ya mwezi, tangi likiwa na majani ya ziwani tu na sifongo ya godoro kuukuu ikichuja maji. Pampu ya hewa ilinguruma mchana kutwa, na hata leo nikisikia friji ya mtu ikinguruma hivyo moyo wangu unashtuka.

Baadaye samaki wakakaa. Kila safari ya Kisumu Baba alirudi na mitungi yenye vifuniko vya matundu, lori zima likinuka ziwa. Alileta ngege, akaleta kamongo aliyelala chini kama gogo na kupanda juu kuvuta hewa kama mzee mwenye pumu. Lakini waliotutia wazimu ni fulu, wale wadogo, wengine wa buluu, wengine wekundu tumboni, wengine wa manjano ya ndizi. Watoto wa ploti zote walipanga foleni dirishani. "Niaje! Buda yako ako na ziwa kwa keja!" walinipigia kelele shuleni, eti baba yangu ana ziwa nyumbani, nami nikatembea mabega juu. Jioni Baba alivuta stuli, akakaa mbele ya kioo na kuongea na kamongo wake kwa sauti ya chini. Sauti ile hakuwahi kuitumia kwetu.

Na maji je? Tangi lile lilimeza mitungi sabini na kitu, na kumi kati yake ilibadilishwa kila wiki. Baba alikuwa safarini, mimi shuleni. Aliyebeba ni Mama, mdogo wangu akiwa mgongoni na mtungi kichwani. Nilimwona. Nilimwona akishika kiuno akiinama kwenye jiko. Sikuunganisha mambo hayo mawili, au niliyaunganisha nikanyamaza.

Kisha mvua ikagoma na bomba likakauka. Wiki ya kwanza watu walitania. Wiki ya tatu choo cha ploti kilikuwa hakipitiki, na mikokoteni ya maji ilipouzia watu wa mlango wa kwanza na wa pili, mapipa yalikuwa yamekwisha. Mama alikwenda hadi Kware kuchota kwenye bomba lililopasuka. Ndipo mtoto wa jirani wa mlango wa tatu, yule mwenye kochi letu, akaanza kuharisha. Jirani alikuja jioni, Baba akiwa nyumbani.

"Shemeji, naomba mtungi mmoja tu wa hayo ya samaki," alisema. "Si ya kunywa. Ni ya kufulia nepi za mtoto. Sina hata tone."

Baba hakugeuka kutoka kwenye kioo. "Haya si maji, mama. Haya ni makao ya viumbe. Nikitoa leo wewe, kesho atakuja mwingine."

Jirani aliangalia tangi, akamwangalia Mama, akatoka.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Baba alipeleka lori gereji, kando ya Spine Road. Alipotoka tu, Mama alipanda stuli ileile ya Baba, akafunua ubao uliofunika tangi, akachovya sufuria. Alijaza mtungi, akaupeleka mlango wa tatu mwenyewe. Aliporudi kulikuwa na wanawake wawili uani na ndoo zao. Hakuwauliza chochote, akajaza. Habari ikaenea kama moshi. Muda si muda foleni ilitoka mlangoni petu hadi nje kwenye geti.

"Mama, samaki watakufa!" nililia nikimvuta leso.

Hakusimamisha mkono. "Hawa samaki wana zamu gani ya kubeba maji hapa?" akasema. "Niambie. Wewe una zamu gani?"

Maji yalishuka hadi nusu, yakashuka tena. Fulu walikusanyika kwenye kona, rangi zimefifia. Ngege mkubwa alilala ubavu akipiga mkia. Na mimi, rafiki yangu, niliruka mtaro, nikakimbia pekupeku hadi gereji. Nilimkuta Baba amelala chini ya lori. Nilimwambia, "Mama anaua samaki." Maneno hayo matatu. Nimeyarudia kichwani kwa miaka thelathini, na kila mara natamani ningejikwaa njiani nikavunjika mguu.

Alipoingia uani foleni ilimpisha yenyewe. Mama alikuwa bado juu ya stuli na sufuria mkononi. Baba alimshusha kwa kofi moja, mbele ya ploti nzima. Jirani wa mlango wa tatu akapiga nduru. Baba alikuwa tayari amepiga magoti juu ya stuli, mikono ndani ya tope la tangi, akiokota fulu. "Lete beseni!" alinipigia kelele. "Haraka, lete beseni!"

Mama alikuwa sakafuni kati yangu na beseni. Nilimruka. Nikaleta beseni.

Mama aliondoka asubuhi iliyofuata kwenda kwao magharibi, mdogo wangu mgongoni, nguo zimo kwenye mfuko wa unga. Alinifungia kifungo cha juu cha sweta. "Wewe una shule," akasema. Nilisimama getini nikiamini kwamba atarudi shule zikifungwa. Hakurudi.

Kwa hivyo nikabeba mimi. Mvua ilinyesha mwishowe, bomba likakohoa likatoa maji, na Baba akataka tangi lijae tena. Mtungi wa lita ishirini kichwani mwa mtoto wa miaka kumi na mmoja una namna yake ya kusukuma shingo ndani ya mabega. Fulu waliobaki walikufa mmoja baada ya mwingine, madoa meupe yamewafunika. Ngege wakafuata. Kamongo aliishi karibu mwaka mzima peke yake, na alipokufa Baba alizima pampu, akatia magunia ya makaa ndani ya tangi. Hatukuzungumza juu ya samaki tena. Baba alikufa nikiwa nimekwisha kuolewa, akiwa mpole, akiniita mama, na sikumuuliza kitu.

Mama yuko hai. Mwaka jana nilimtembelea, nikamkuta akichambua maharagwe kwenye ungo, na kwa mara ya kwanza nikamwambia. "Mama, siku ile ni mimi niliyekwenda kumwita."

Hakuinua macho. Alitoa jiwe, akalitupa pembeni. "Nilikuona ukiruka mtaro," akasema. "Nilikuona pia ulivyoniruka mimi. Ulidhani nilikuacha kwa sababu ya shule?"

Akaendelea kuchambua. Maharagwe yalipokwisha akaniuliza kama nitakunywa chai, nami nikaitikia, tukanywa.

Ploti yetu ilibomolewa, pamesimama ghorofa saba pale, na sikutambua hata geti lilipokuwa. Wavuvi wanasema fulu wa aina zile siku hizi hawaonekani ziwani. Watoto tuliogombania dirisha tumetawanyika, wengine tumezikana. Mdogo wangu, aliyebebwa mgongoni siku ile, ananiamkia kama mgeni. Watu hupenda kusema utoto ulikuwa mtamu, nami huwaitikia, kwa sababu ulikuwa mtamu. Nilikuwa na mama, naye alikuwa hatua mbili tu kutoka niliposimama, kabla sijamruka.