Mama alikuja kwa reggae ya Jumapili akitoka kanisa, na mpaka leo sijamwelewa

Wakuu, hamjambo huko mliko. Hii si hekaya ya kutunga, imenitokea mwenyewe na bado inanizungusha kichwa.

Mimi ni msichana wa Matinyani, lakini naishi Kitui town.

Kila Jumapili mchana tunapiga reggae kwa club moja iko nyuma ya soko. Mimi ndio selekta, yaani mwenye kuchagua ngoma. Kioko, fundi wa mbao, alijenga zile speaker kubwa na yeye ndiye hushika mic.

Mama yangu naye ni kiongozi wa akina mama kanisani.

Alipojua hii kazi alinipigia. "Mwende, siku utaacha hizo kelele ndio utanitafuta." Akakata.

Miezi ikapita hivyo. Nikitaka kujua kama mvua imenyesha nyumbani, nauliza sister yangu Mutheu. Kama hujawahi kuulizia mama yako kwa mtu mwingine, huwezi jua hiyo baridi.

Sasa Jumapili moja, jua bado kali, nikaona mlinzi anabishana na mtu kwa gate.

"Mama, kuhubiri hapa haturuhusu."

Kuangalia hivi, ni mama! Kitambaa cheupe kichwani, Biblia kwapani.

Wakuu, maswali yakanijaa kichwani. Amekuja kuniaibisha? Kuna mtu amekufa nyumbani? Nizime muziki ama nitorokee mlango wa jikoni?

Kioko, bila hata kuniuliza, akashika mic. "Mamake selekta ameingia! Mikono juu kwa mama!"

Club nzima mikono juu. Mama naye akainua wake kidogo, vile husalimia washirika kanisani. Akatafutiwa kiti. Nafasi ilikuwa tu kando ya speaker, akakaa hapo.

Kwa kuchanganyikiwa nikaweka ngoma ya zamani, maneno yake yametoka Zaburi. Nikaona midomo yake inafuata.

Hakutabasamu. Kukasirika pia hakukasirika. Alikaa tu, bass ikitingisha kitambaa chake.

Ngoma ikiisha akainuka, akaja kwa meza yangu, akaniinamia sikioni.

"Umekula?"

"Bado, mwaitu," nikamjibu, yaani mama kwa Kikamba.

"Kula."

Halafu akaenda zake. Ni hayo tu!

Kioko akasema hiyo ni baraka. Mimi nikasema huyo amekuja kuniaga.

Week iliyofuata simu zikaanza. Mama mmoja wa kanisa alikuwa analia. "Mwende, mama yako amesimama mbele akatuomba tukuombee. Toka huko, Yesu anakungoja."

Nikaingia jikoni nikalia na mimi.

Kesho yake akapiga mwingine, wa kanisa hiyo hiyo. "Hongera! Mama ametuambia uko na kazi yako ya muziki. Tumeomba ipanuke."

Sasa tushike gani?

Nikamuuliza Mutheu, maana alikuwa hapo na choir. Akaniambia mama alisema tu, "Naomba mumkumbuke Mwende na kazi yake," akaketi. Kila mtu akaomba vile alivyoelewa.

Nikaona nitakuja kuwa mgonjwa. Ijumaa nikaenda nyumbani, nikamkuta uani anapepeta ndengu. Sikuzunguka.

"Mwaitu, uliomba niombewe niache, ama nifaulu?"

Akapuliza maganda kwenye ungo.

"Mimi nilitaja jina lako," akasema. "Mungu anakujua kunishinda. Keti unisaidie kutoa mawe."

Nikaketi. Tukachambua ndengu tukiongea mambo ya mbuzi na mvua, kama watu hawajawahi kukosana.

Siku hizi ananipigia mwenyewe. Habari ya reggae haulizi. Kuacha pia hajanitajia tena.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kuja akaketi karibu na wewe kabla hajakubaliana na wewe. Mimi nilikuwa nangoja jibu, kumbe yeye alikuwa ameshakuja.

Lakini wakuu, sitawadanganya. Nikijua saa hii amepiga magoti, bado sijui anaomba nitoke ama nisimame.

Wazazi mlio hapa, hasa akina mama, nisomeeni huyu mtu. Amenikubali ama ananingoja?